Mtu Huinama Kwanza

Bukombe,
6 Februari 2024

Kwa Klara, mke wangu mdogo, huko Geita,

Mwangaluka. Usishangae kuona karatasi. Simu ipo na chaji ipo, lakini nyumba yetu unaijua. Nikikupigia nikiwa ndani, bibi yako anasikia kila neno. Nikipanda kichuguuni kutafuta mtandao, anasikia jirani yetu Bernadina, na hiyo ni sawa na kutangaza kanisani baada ya misa. Kiharusi kimemchukulia bibi yako mkono wa kulia, mguu wa kulia na nusu ya maneno, lakini masikio kimemwachia yote mawili. Kwa hiyo naandika. Eliya wa bodaboda anaipeleka stendi ya Ushirombo, kondakta wa basi anaishusha duka la dawa karibu na hospitali yako. Nilisoma darasa la nne tu, ila mwalimu wetu alichapa kila herufi iliyolala, na mpaka leo herufi zangu zinasimama kwa woga.

Sasa habari yenyewe. Unajua baba yako alimchukua bibi yako kwenda naye Kahama alipotoka hospitali, na unajua aligoma kula mpaka akarudishwa kwangu. Nilifurahi, nisikufiche. Uzee wote huu na bado mwanamke ananililia. Lakini baba yako Festo alipomleta hakukaa hata kunywa maji. Alisimama mlangoni akasema, "Baba, wewe umezeeka. Nakuja baada ya Pasaka. Nikikuta Mama bado ni mtu wa kulala tu, naondoka naye, na safari hiyo harudi." Bibi yako akageuza uso ukutani. Hilo neno Kahama likitajwa tu, anaelekea ukutani.

Mimi mzee? Mimi niliyepandisha mawe kutoka maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Katoro, kabla baba yako hajaota meno, kiroba begani, ngazi za miti, giza la kukata kwa panga? Mwanamke mmoja, tena aliyekonda, atanishinda nini?

Nimemjengea winchi. Umesoma sawasawa. Ile ile ya duara: magogo mawili yamesimama pande mbili za kitanda, la tatu limelala juu yao na mpini wake, halafu kamba. Namzungushia shuka kwapani, naenda kwenye mpini, nazungusha, bibi yako anapanda. Mara ya kwanza aliniangalia kutoka kule juu kwa jicho la askofu. Winchi ikikwama namalizia kwa njia ya wachimbaji, kiganja kwa kiganja. Mtu akinasa kwenye duara humshiki shati, litachanika. Unamshika mkono, unavuta mpaka atoke. Nimetoa wanaume wazima hivyo na wakaninunulia bia.

Jambo dogo la mwisho. Nina rafiki yangu, humjui, anakaa mbali. Naye mkewe ana kiharusi, tazama dunia ilivyo. Sasa huyo mke wa rafiki yangu bega la kulia limeshuka. Juu ya mkono kuna kishimo, kidole kinaingia. Akiguswa hapo anatoa machozi. Rafiki yangu anauliza kama kuna dawa ya kuchua. Jibu upesi, maana huyo rafiki hali vizuri siku hizi.

Mumeo mkubwa,
Mageni


Geita,
11 Februari 2024

Babu, shikamoo.

Mwambie rafiki yako aishushe hiyo winchi akimaliza kusoma mstari huu. Mwambie mkewe si kiroba. Kiroba hakina bega.

Sasa tuache habari za rafiki. Babu, sikiliza. Nyonga ya mtu ni mpira uliokaa ndani ya bakuli. Bega ni mpira uliokaa juu ya kisahani. Kinachouzuia usidondoke ni nyama zinazouzunguka, basi. Kiharusi kimezilaza nyama hizo, kwa hiyo mkono wa Bibi unaning'inia kwa uzito wake wenyewe mchana kutwa. Halafu unakuja wewe na njia ya wachimbaji unauvuta. Wale wanaume wako walikuwa wanakushika na wao. Bibi hawezi kukushika. Usiuvute tena ule mkono, hata kwa kumsalimia. Usimnyanyue kwa kwapa. Akilala uweke mto chini ya mkono, akikaa uweke mto mapajani mkono uegemee. Wala usichue. Kesho mpeleke zahanati waliangalie hilo bega.

Kumgeuza kitandani hakuhitaji nguvu. Simama upande wake wa kushoto, ulio mzima. Mkunje goti la kulia mpaka unyayo ukae kwenye godoro. Mkono wako mmoja uuweke nyuma ya bega lake, kwenye ule mfupa bapa wa mgongoni, mwingine kwenye nyonga. Halafu lilete goti upande wako, taratibu. Mengine yatakuja yenyewe. Na umgeuze mara kwa mara, Babu, usingoje alalamike. Ngozi inayolaliwa muda mrefu inakosa damu, inaharibika kama kiazi kilichokaa chini ya gunia.

Na wewe: miguu yako iwe mbali mbali, mmoja mbele. Kunja magoti, usikunje mgongo. Msogeze awe karibu na kifua chako ndipo umnyanyue. Mtu anayeshikwa kwa mikono iliyonyooka ni mzito kuliko mtu anayekumbatiwa. Ukitaka kugeuka ukiwa umemshika, geuka kwa miguu. Kiuno kikizunguka na uzito juu yake, ndipo watu wanapokuja kwangu wakilia.

Mgongo wako ukoje? Nauliza wako, siulizi wa rafiki.

Mjukuu wako,
Klara


Bukombe,
18 Februari 2024

Marahaba, mke wangu mkali.

Rafiki yangu ametukanwa vya kutosha, anasema hatauliza tena. Magogo ya winchi sasa yanafungiwa mbuzi. Zahanati wametazama bega, wamesema halikuvunjika, limelegea, na lisipovutwa litapata nafuu. Waliniuliza lililegeaje. Nikawaambia ni mambo ya kiharusi.

Lakini sikuandikii kwa hayo. Nataka kukuambia habari ya goti, na naandika polepole kwa sababu nataka uone nilichoona.

Nilimkunja goti kama ulivyosema. Nikaweka mikono ulikosema. Nikajiandaa, nikavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Halafu nikalileta lile goti kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango asioujua kama umefungwa au la. Klara, goti likaja. Nyonga ikaondoka kulifuata goti. Tumbo likafuata nyonga, kifua kikafuata tumbo, mwisho kichwa kikaja kimechelewa kama kiongozi wa kijiji kwenye mkutano. Mtu mzima amegeuka na mimi nimebaki na nguvu zangu zote mkononi, sijazitumia. Nikaangalia mikono yangu kama ya mtu mwingine. Nimelala kando ya goti hilo tangu nyumba hii ikiwa ya nyasi, na sikujua kuwa ni bawaba.

Nikamrudisha, nikamgeuza tena, kwa kuona tu. Nikamrudisha tena. Ndipo bibi yako akakusanya maneno yake, akasema, "Mimi... chapati?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Na yeye alicheka, upande mmoja wa mdomo, lakini ule upande ulicheka kwa niaba ya mwenzake.

Kumkalisha tumeweza. Vita viko kwenye kusimama. Namkumbatia karibu na kifua, kama sheria yako inavyosema, navuta juu, yeye anakwenda nyuma, na mimi juu yake, tunaangukia kitandani wote wawili. Jana Bernadina aliingia na uji akatukuta katika hali hiyo. Aliweka kikombe chini akatoka kinyumenyume. Sasa kijiji kizima kinaniamkia kwa heshima mpya.

Pasaka inakuja. Festo hatanii, unamjua. Nifanyeje asimame?

Mgongo wangu upo. Uko nyuma, palepale Mungu alipouweka.

Mageni


Geita,
26 Februari 2024

Babu, shikamoo.

Unamvuta juu, ndiyo maana anaanguka. Hakuna mtu anayesimama kwa kwenda juu. Ningeweza kukueleza yote hapa, lakini wewe ukiambiwa kitu hukiamini mpaka ukichimbe mwenyewe. Basi kachimbe. Nenda mahali watu wanapokaa na kusimama, uwatazame. Tazama miguu yao kwanza, halafu pua. Niandikie ulichoona.

Ukiwa tayari kumjaribu Bibi, mkalishe ukingoni mwa kitanda, kanga umfunge kiunoni uishike hiyo, usishike mikono yake. Goti lako lizuie goti lake la kulia lisikunjike. Hayo mengine utayapata kwa macho yako.

Sasa jambo zito. Baba kanipigia. Bernadina ana binti yake Kahama, na kupitia kwa huyo binti Baba amesikia kwamba unatembea umepinda kama jembe. Ameniuliza mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: Mama abaki au aletwe? Babu, sitamdanganya. Ukiumia wewe mtakuwa wagonjwa wawili kwenye kitanda kimoja, na hakuna wa kumgeuza mwenzake. Niambie ukweli wa huo mgongo. Ukinificha nitamjibu Baba kwamba amchukue.

Sipendi kukuandikia hivi.

Klara


Bukombe,
11 Machi 2024

Klara,

Nilikasirika, nikaacha barua yako juu ya kabati imelala kifudifudi. Halafu nikaenda kutazama watu, maana udadisi ulizidi hasira.

Nilichagua kanisani. Ni Kwaresima, kumejaa. Nilikaa benchi la nyuma, na Injili ilipofika mimi sikusimama, nikabaki nimekaa nitazame. Wote wakarudisha miguu chini ya benchi. Wote, kama walioambiana. Pua zikaenda mbele, zikapita vidole vya miguu. Makalio yakaachia ubao. Ndipo wakapanda. Kanisa zima liliinama kabla halijasimama, Klara. Tajiri wa karasha aliinama. Mwalimu mkuu aliinama. Katekista, mama wa mapacha, mapacha wenyewe. Humo ndani nimesimama na kukaa tangu ubatizo na sijawahi kuona hilo. Tunasema mtu kasimama wima kama vile aliota pale. Kumbe kila mmoja alipitia chini kwanza.

Niliduwaa mpaka Bernadina, aliyekuwa mbele yangu, akageuka akanikuta nimekaa, macho usawa wa sketi yake. Baada ya misa alinisubiri mlangoni. "Mzee Mageni," akasema, "hata Kwaresima?" Nikamwambia ni maelekezo ya hospitali. Hakuamini, na mimi ningekuwa yeye nisingeamini.

Nyumbani nikajaribu kusimama bila kuinama. Nilikaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, kidevu juu kama mkuu wa wilaya, nikajiamuru: simama. Sikuondoka. Nikajaribu tena kwa hasira. Kiti kimenishika kama gundi. Jaribu na wewe hapo ulipo. Nikaenda zizini kumtazama ng'ombe. Naye anabaki amepiga magoti ya mbele, anatupa kichwa mbele, ndipo nyuma yake inanyanyuka. Mbuzi vilevile. Nilizunguka boma zima nikiamsha wanyama waliolala, mpaka jogoo akanifukuza.

Halafu nikaenda kwa bibi yako.

Nilimkalisha ukingoni, miguu nikairudisha nyuma ya magoti. Goti langu kwenye goti lake, kanga kiunoni, mikono yangu kwenye kanga. Nikamwambia, "Anisia, leo utaniinamia mumeo." Akasema, "Toka." Lakini aliinama. Pua ikaja begani kwangu, ikapita. Mimi nikafuata tu, sikuvuta, nikawa kama mtu anayesindikiza mgeni. Na ghafla uzito ukatoka mikononi mwangu.

Sikiliza vizuri hapa. Mimi najua uzito. Nimebeba jiwe, nimebeba maji, nimebeba wenzangu waliofia chini. Uzito haupotei. Unaweza kuuhamisha, unaweza kuuangusha, lakini haupotei hewani. Huu ulipotea. Nilishika kanga ambayo haikuwa na mtu. Nikafumba macho, nikasema moyoni, basi, roho imemtoka mikononi mwangu, nimemuua kwa ubishi.

Nikafungua macho. Paji lake la uso lilikuwa usawa wa kidevu changu, palepale lilipokuwa siku tuliyofunga ndoa. Alikuwa anapumua. Alikuwa ananitazama. Uzito alikuwa ameuchukua yeye, Klara. Alikuwa amejibeba.

Nimewahi kuona dhahabu ikitokeza kwenye jiwe jeusi tulilokuwa tumelikatia tamaa. Wanaume tulilia siku ile. Haikufikia hii.

Sasa mgongo. Haya. Siku za winchi kuna kitu kililia chini ya mkanda. Ndoo sinyanyui. Viatu navaa kwa kujadiliana navyo. Umeridhika? Lakini fikiri kama msomi: ikiwa yeye anajibeba, huu mgongo wangu unabeba nini? Usimwambie Festo. Na bibi yako hajui, nimemficha vizuri sana.

Mageni


Bukombe,
20 Machi 2024

Mpendwa Klara,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Bernadina, jirani. Naandika kwa niaba ya bibi yako. Yeye anasema, mimi naandika. Nikiandika sivyo anagonga kitanda, nafuta. Imetuchukua asubuhi nzima. Babu yako tumemtuma kwa fundi baiskeli kufuata kitu ambacho hakipo.

Bibi anasema hivi:

Klara. Mgongo wa mzee najua. Anaulizia kila kitu chini ya kitanda, hainami kukitafuta. Usimwambie kuwa najua. Anafurahia kuficha.

Asubuhi kwenye kigoda hawezi kuondoka. Mimi namwambia, pua. Anapeleka pua, anaondoka.

(Hapa alicheka, tukapumzika.)

Wote mnadhani sitaki Kahama kwa sababu ya huyu mzee. Si huyu mzee.

(Nilimuuliza kama niandike hivyo kweli. Aligonga kitanda: andika.)

Kahama walinibeba. Kitandani kubebwa. Bafuni kubebwa. Mkwe wangu ni mzuri, ana mikono ya huruma. Nikinyoosha mguu, "Mama, tulia." Nikishika kijiko, "Mama, tulia." Nilitulia. Nikitulia, naisha. Niligoma kula ili nirudi.

Huyu mzee wako hawezi kunibeba. Angekuwa na nguvu za zamani, ningekuwa bado nimelala.

Mwambie baba yako. Sitaki kubebwa.

Hayo ndiyo maneno yake. Mimi nami naomba unijibu kwa faragha: ni kweli hospitali ndiyo iliyomwambia babu yako akae wakati wa Injili?

Bernadina


Geita,
27 Machi 2024

Babu, shikamoo. Mfikishie Bibi shikamoo yake, na Mama Bernadina mwambie: ndiyo, ni kweli, nisamehe.

Nimeongea na Baba. Nimemwambia ukweli wote, hata wa mgongo, usininunie; nisingesema hilo asingeniamini kwa mengine. Nimemwambia Bibi ana nafuu kwenu kuliko kwake, na sababu nimemweleza. Amenijibu kwamba mimi ni mtoto na ninyi wawili mnadanganyana. Anakuja Jumamosi baada ya Pasaka na gari, na vijana wawili wa kumsaidia kubeba. Nimemwomba jambo moja tu: kabla hajamgusa Bibi, aweke mikono nyuma, atazame. Hakusema ndiyo.

Mimi nina zamu siku hiyo, nimeomba kubadilishana, imeshindikana.

Endeleeni hivihivi. Kiti kiwe upande wake wa kushoto, ageukie upande wenye nguvu. Akisimama mpe muda apumue ndipo azungushe miguu. Na Babu, mazoea yako ya kusema "moja, mbili, tatu" halafu kunyanyua kwenye mbili uyaache. Atangulie yeye, wewe ufuate.

Wakati mwingine hapa wodini namfundisha mtu kusimama, naye akiondoka kitandani mwenyewe wodi nzima inaacha shughuli itazame, hata wauguzi wa siku nyingi. Nilidhani ni sisi tu. Kisha nikasoma barua yako ya kanga isiyokuwa na mtu, nikaisoma tena nimesimama kwenye korido.

Klara


Bukombe,
6 Aprili 2024, Jumamosi

Mke wangu mdogo,

Naandika nikiwa barazani peke yangu. Bibi yako hayupo. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana nikianza na mwisho utachanganyikiwa.

Walifika asubuhi, Noah nyeupe, baba yako mbele, vijana wawili wenye mikono kama mapaja yangu, na nyuma godoro jipya bado limo kwenye nailoni. Bibi yako nilikuwa nimeshamtoa. Alikuwa barazani kwenye kiti chake, kitenge kipya, mto mapajani, mkono wake umeegeshwa kama wa malkia. Festo akasalimia vizuri, Pasaka njema, nini na nini. Halafu akakunja mikono ya shati akamwendea moja kwa moja, mikono inaelekea kwapani.

Nikasema, "Mikono nyuma."

"Baba, gari ni la kukodi. Tuna safari."

Bibi yako akasema, "Kaa."

Neno moja. Na Festo, mwanaume mwenye stoo yake na watu chini yake, akakaa kwenye ukingo wa baraza. Vijana wake wakakaa pia, ingawa hakuna aliyewaambia.

Bibi yako akaonyesha gari kwa kidevu, akaonyesha chini pale karibu na miguu yake. Ilibidi nitafsiri: anataka gari lirudi nyuma mpaka mlango wa mbele ufike hapa. Likarudi. Nikafunga kanga. Nikaweka goti. Sikuhesabu. Alirudisha mguu wa kushoto mwenyewe, mimi nikamrudishia wa kulia. Akapumua. Akapeleka pua mbele, mbele, mpaka kijana mmoja akasema "Anaanguka," akataka kuinuka, na Festo akamshika mkono. Hakuanguka. Alipanda. Alisimama pale, akazungusha miguu kidogokidogo, mimi mbele yake nimeshika kanga ambayo haikunihitaji, akarudi nyuma mpaka kiti cha gari kikamgusa, akakaa. Miguu tukaiingiza.

Yule kijana alikuwa amevua kofia.

Festo akafuta uso. Akasema, "Mama amekubali mwenyewe." Na mimi nikaona ni kweli, Klara. Nimemfundisha kusimama, kasimama, kaingia kwenye gari la Kahama kwa miguu yake. Nilitafuta mzaha nikaukosa, na wewe unajua hiyo hali hainipati.

Ndipo bibi yako akasema, akitazama mbele kama mwenye gari: "Gulioni. Halafu... hapa."

"Mama, gulio gani tena?" Festo akauliza.

Nikataka kupanda. Hapakuwa na nafasi. Vijana wawili na godoro, godoro limekaa mahali pangu. Festo akaniambia, "Baki, Baba, pumzisha mgongo." Akafunga mlango. Sikuweza kumsoma uso.

Wameondoka asubuhi na sasa jua limevuka. Wewe unapajua pale njia yetu inapokutana na lami. Kushoto ni Ushirombo, gulioni. Kulia ni Kahama. Eliya kapita sasa hivi, nikamuuliza. Anasema aliiona Noah nyeupe imesimama palepale njia panda, mlango wa abiria uko wazi, wanabishana. Anasema alikuwa na abiria wa haraka, hakusubiri. Nikamwambia yeye si mtu wa maana. Ameondoka amekasirika, na sijui barua hii ataichukua.

Nimekaa. Kitanda kimetandikwa. Nyumba haina sauti. Nilidhani nilikuwa namwangalia yeye muda wote huu, kumbe nilikuwa na kazi, na mtu mwenye kazi hasikii nyumba yake. Akienda Kahama watamwambia atulie. Nitafanya nini mimi hapa na haya niliyoyajua? Nitamsimamisha nani?

Gari. Nasikia gari. Naweka kalamu.


Nimerudi. Ni jioni, wamekula, nakuandikia iliyobaki.

Lilikuwa Noah. Lilisimama mbele ya baraza, mlango wa kushoto umenielekea. Festo akashuka upande wake, akaja akanisimamia kando, akasema chini chini, "Baba, nilikata kulia. Nilikata kweli. Mama akafungua mlango. Nikasimamisha. Akatoa mguu mmoja nje, akauweka kwenye lami, akaniambia anashuka. Nikamwambia Mama, hapa ni barabarani. Akatazama chini, akaanza kuinama." Akaligeukia gari. Kisha akasema, "Nikageuza gari. Amenizungusha gulio zima. Ametukanana na muuza nyanya."

Nikamuuliza alitumia maneno gani, maana hana mengi. Akasema, "Matatu. Yalitosha."

Mlango ulikuwa wazi. Vijana walikuwa wameshuka, wamesimama kama wako kwenye Injili. Nikaenda na kanga yangu. Bibi yako alikuwa na furushi la dagaa kwenye gazeti, amelikumbatia kwa mkono wake mzima. Nilinyoosha mikono nimfunge kanga. Akatazama kanga. Akanitazama mimi. Akanipa lile furushi, akasema, "Shika."

Lilikuwa kubwa, linavuja, linataka mikono miwili. Nikashika. Festo akasogea hatua moja, kisha nikaona mikono yake inarudi nyuma yenyewe, inashikana huko mgongoni.

Bibi yako akatoa mguu wa kushoto. Akauchukua wa kulia kwa mkono, akautoa, akauweka kando ya mwenzake. Akashika mlango wa gari. Hakuharakisha. Nilisimama hapo mbele yake, maji ya dagaa yananitiririkia viwikoni, sina mkono hata mmoja wa kumsaidia, na mke wangu akainama, akasimama.

Mageni